Chai Juu ya Boneti

Selestini wa Buzebazeba hana haraka ya kugombana, lakini hasahau. Mimi ni jirani yake, najua. Pikapu yake kuukuu imebeba maharage na ndizi za akina mama kutoka Kalinzi hadi soko la Mwanga kwa miaka mingi, na nyumba yake inakula kwa kazi hiyo tu.

Mwaka jana injini ilianza kugonga na kutetemeka. Feliksi, kaka wa mke wake, naye ana pikapu na anabeba mizigo hiyohiyo. Siku moja sokoni alichukua kikombe cha chai kwa Domitila, muuza chai, akakiweka juu ya boneti ya Selestini injini ikiwa inawaka. Kikombe kilicheza, kikatembea mpaka ukingoni, kikaanguka.

"Shemeji, gari lako lina malaria," alisema Feliksi. "Litafikishwa Kalinzi kwa machela."

Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wote wakapakia kwa Feliksi. Selestini alirudi nyumbani na gari tupu, akamwambia mke wake Honorata kwamba kaka yake atainywa chai ile.

Ubovu ulikuwa kwenye puli kubwa ya mbele, ile inayokaa kwenye ncha ya krenki, mhimili unaozungushwa na injini. Ndani yake kuna mpira unaomeza mtetemo wa injini, na wa gari lake ulikuwa umepasuka. Puli ya asili haikupatikana, akaagiza Dar ya kampuni nyingine, nzito zaidi. Hakutaka kulipeleka gari gereji, kwa sababu mafundi wote ni marafiki wa Feliksi. Akaniita mimi, tukafanya kazi uani kwake.

Tulitoa rejeta na mikanda. Bolti ya katikati iligoma, tukaibania spana kwenye chesisi, akaigusa stata kidogo, injini ikajizungusha, bolti ikalegea. Puli ya zamani ilitoka. Mpya ikakataa kuingia. Nikamletea nyundo, akanitazama kama nimetumwa na Feliksi. Kuigonga kungeua mpira ule. Alichukua sufuria ya Honorata, akaichemsha puli ndani ya maji ili ipanuke, akaifuta, akapaka oili kidogo kwenye ncha ya krenki, kisha akaivuta ndani taratibu kwa bolti. Honorata alisema hapikii tena sufuria hiyo. Selestini akamwambia basi ampelekee kaka yake.

Alipowasha, injini ilinguruma kwa utulivu. Hakutabasamu. Alisema tu kwamba anasubiri siku ya soko.

Siku hiyo alisimamisha pikapu mbele ya ile ya Feliksi, akaiacha inawaka. Akamwomba Domitila kikombe kilichojaa mpaka mdomoni, akakiweka pale pale juu ya boneti. Akina mama walisogea kutazama. Chai ilitulia. Ndipo Selestini akakichukua kwa mikono miwili, kama anayempa mkwe wake, akampelekea Feliksi.

"Kunywa, shemeji. Malaria imepona."

Feliksi alikunywa. Ilikuwa ya moto, lakini mbele ya watu wale hakuthubutu hata kuipuliza.

Mizigo ilirudi kwa Selestini. Feliksi ameomba yaishe, kwa kupitia Honorata, na kila mara anajibiwa kwamba hakuna ugomvi, chai tu. Siku hizi anaegesha upande wa pili wa soko, nyuma ya mafundi cherehani. Lakini kila siku ya soko kikombe kinatulia kwanza juu ya boneti, watu wakione, kisha Selestini anakibeba mpaka kule.