Kimondo cha Upande wa Upare

Katika kihamba cha Elisifa, shamba la ukoo huko Masama, anga lilikuwa dogo. Migomba iliziba kila upande, chini yake mibuni, na juu yake miti mirefu ya kivuli iliyopandwa na baba mkwe wake. Mtu akisimama mlangoni na kuinua kichwa, aliona majani. Mahali pamoja tu palikuwa wazi, uwanja mdogo wa kuanikia kahawa. Hapo ndipo mumewe Eliezeri alipomfundisha kutazama juu, na kando ya hapo ndipo alipozikwa.

Eliezeri alikuwa mwongozaji wa watalii kwenye mlima wa Kibo, na mlimani kuna baridi na kuna muda. Wageni wakishindwa kulala walitoka mahemani, wakamwonyesha nyota, naye akashuka nazo nyumbani kama wenzake walivyoshuka na viatu vya kupewa. Jioni, ng'ombe akishakamuliwa, alimwita mkewe uwanjani.

"Ile inayopepesa taa nyekundu?"

"Ndege," alijibu Elisifa. "Inashuka uwanja wa KIA."

"Na ile inayokatiza kimya, haipepesi, haina haraka wala haisimami?"

"Setelaiti."

"Vizuri. Ikifika kwenye kivuli cha dunia itazimika, na hapo usiseme imekufa. Imeingia gizani tu."

Kilichompendeza Elisifa zaidi ni vimondo, na hivyo havikuwa na ratiba. Mumewe alimwambia kimondo hakitoki kwenye nyota, ni kijiwe kinachoungua hapahapa juu ya vichwa vyetu. "Kikianguka hapa, mtu wa Moshi atakiona, wa Arusha pia. Wa Ulaya hawezi kukiona hata apande juu ya kanisa. Kimondo ni cha watu waliokuwa karibu, tena waliokuwa wanatazama."

"Basi kina ubaguzi," alisema Elisifa, wakacheka.

Watoto wao walikuwa wawili. Gladness, mkubwa, aliolewa Holili. Praygod alikuwa kitindamimba, na kwa desturi ya huko nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa kiume wa mwisho. Wakubwa huondoka, yeye hubaki na wazee na makaburi. Kwa hiyo Praygod alipopata kazi Ujerumani, kwenye kiwanda cha kufungasha vyakula, watu waliona ni safari ya kwenda na kurudi. Usharika ulimfanyia ibada ya kumuaga. Akina mama wa kwaya walimfunga kitenge begani. Baba yake mdogo, Ebenezeri, alichinja mbuzi, na mchungaji akamwekea mikono kichwani mbele ya watu wote. Asubuhi yake alipanda basi la Dar es Salaam, akapunga mkono dirishani mpaka kona ikamla.

Baada ya hapo alikuwa sauti tu. Alipiga kwa WhatsApp, kwa namba yake ileile ya zamani. Alisema wote walioko nje hufanya hivyo. Simu za picha hakupiga, maana kamera ya simu yake ilikuwa mbovu. Nyuma ya sauti yake mara nyingi kulikuwa na mngurumo uliokatika na kuanza tena.

"Nini hicho kinachokoroma?"

"Mashine, Mama. Kiwanda hakilali."

Kilichomfunga mama yule kwa mwanawe ni setelaiti moja kubwa, ile inayokaliwa na watu, inayong'aa kuliko zote. Praygod alikuwa na programu ya simu iliyomwambia itapita lini Masama. Alimtumia ujumbe: Mama, leo saa moja na robo, toka nje. Elisifa alitoka, akaketi kwenye ukingo wa kaburi la mumewe, simu sikioni. Nyota ile ilichomoza ubavuni mwa Meru, ikapanda, ikapita juu yake, ikateremka kuelekea milima ya Upare, na kabla ya kufika ikazimika.

"Imezimika, mwanangu."

"Haya, sasa nami naisubiri. Inazunguka dunia, chai yako haijapoa itakuwa imenifikia."

Elisifa alikata simu akiwa ameridhika, kama mtu aliyempa kondakta mzigo na kuambiwa utafika. Hakwenda kulala kabla ya ujumbe wa pili kuingia: Nimeiona, Mama.

Gladness hakupenda mambo hayo. Alikuwa amerudi kutoka Holili na wanawe wawili, baada ya mume wake kuleta mwanamke mwingine ndani ya nyumba, na alikuwa analala nao katika jiko la zamani, lile la udongo, ambamo kuta zilikuwa bado nyeusi kwa moshi wa bibi yao. Jioni moja ya mwezi wa sita alisimama mlangoni mwa jiko akisikiliza mazungumzo yale ya nyota.

"Mama, Ujerumani saa hizi jua bado linawaka. Anaonaje nyota?"

"Wewe umefika lini Ujerumani?"

"Sijafika. Nimeona kwenye mpira wa televisheni."

"Basi katazame mpira."

Gladness alirudi ndani ya jiko. Alikuwa amejifunza kunyamaza. Mara mbili alikuwa ameomba apewe kona ya chini ya kihamba, pale kwenye mfereji, ajenge hata chumba kimoja cha mabanzi. Mara zote mbili jibu lilikuwa moja.

"Hapo ni pa Praygod. Akirudi atajenga wapi?"

"Praygod ana nyumba yako nzima, Mama."

"Mwanamke harudi kugawana kihamba na kaka yake."

Gladness ndiye aliyekamua, ndiye aliyekata majani ya ng'ombe, ndiye aliyempeleka baba yake hospitali alipoanza kukohoa damu na ndiye aliyemrudisha akiwa amefunikwa. Siku ya mazishi, watoto walipoitwa kutupa udongo kaburini, Gladness alitupa wake, kisha mchungaji akamwita Praygod kwa jina, na Ebenezeri akainama na kuchota udongo kwa niaba yake. Praygod alikuwa amepiga simu akilia. Alisema akitoka bila kibali hatarudi kazini tena. Elisifa alilia zaidi kwa ajili ya mtoto aliyenyimwa kumzika baba yake kuliko kwa ajili ya mume. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, akaomba wamwombee mwanawe, aliyefiwa ugenini, peke yake, kwenye nchi ya baridi.

Na watu walimwombea.

Jioni kimondo kilipoanguka, mwaka wa pili baada ya mazishi, hewa ilikuwa imeoshwa na mvua za vuli na Kibo ilionekana mpaka giza lilipoingia. Ujumbe wa Praygod ulikuwa umekuja mchana. Elisifa alitoka na kanga mbili, akaketi mahali pake, simu ikaita, akapokea.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko mmeshapata baridi?"

"Sana tu. Nimevaa makoti mawili. Haijatokea?"

"Bado. Subiri... Ehe. Hiyo, inapanda."

Ilipanda. Mashine za Ujerumani zilikoroma sikioni mwake, zikanyamaza, zikaanza tena. Elisifa aliifuata kwa kidole, na nyota ile ilikuwa imevuka utosi wa anga wakati kitu kilipofumuka upande wa kusini. Hakikuwa kimondo chembamba cha kila siku. Kilikuwa kijani, kikubwa, kilimwaga mwanga juu ya migomba hata majani yakatoa vivuli, kikapasuka vipande viwili, vikashuka pamoja kama mapacha. Elisifa alifungua kinywa. Simu ikamtangulia.

"Ruwa wangu, Mungu wangu!" ilipiga kelele simu. "Mama! Umekiona? Kimepasuka! Viwili! Vimeangukia Upare!"

Kisha simu ikanyamaza. Setelaiti iliendelea na safari yake, hapakuwa na aliyeitazama.

Elisifa alikaa na mdomo wake wazi. Ndani ya kichwa chake Eliezeri alikuwa anasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyechoka na safari: wa Ulaya hawezi kukiona. Akasikiliza simu. Ule mngurumo ulikuwa umerudi, na safari hii, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaongea juu yake, aliusikia ulivyo. Aliujua. Miaka mingi alikuwa akishuka tambarare msimu wa mavuno kununua mchele, na magari yalipochelewa aliusikia jioni ukitoka kwenye majaruba ya mpunga, elfu kwa elfu.

"Praygod."

"Naam, Mama."

"Hao ni vyura."

Elisifa aliibana simu sikioni.

"Uko wapi?"

"Mama, nisikilize..."

"Nimekuuliza uko wapi."

"Chekereni."

Chekereni, kule tambarare kwenye mpunga, ni mwendo wa asubuhi moja. Mtu hunywa chai Masama, akafika Chekereni hata njaa haijamrudia.

"Tangu lini?"

Aliyasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetapika. Wakala wa kazi wa Dar es Salaam alipotea na hati za safari za vijana kumi na kitu. Alikaa mjini akisubiri, kisha akaona aibu ya kusubiri. Alipanda basi kurudi, na lilipofika njia panda akashindwa kupanda mlima. Alishuka tambarare badala yake. Alikuwa analinda mpunga wa watu dhidi ya ndege kweleakwelea, akipiga makopo na kurusha matope, jioni anaweka maji kwenye majaruba.

"Walinifunga kitenge, Mama. Mchungaji aliniwekea mikono. Ningerudije na mikono mitupu?"

Elisifa alikuwa ameuweka mkono wake juu ya saruji ya kaburi. Ilikuwa bado na joto la mchana.

"Tulipomzika baba yako, ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapa."

"Ulikuwa unafanya nini?"



"Niliutazama mlima, Mama. Ulikuwa wazi. Siku ile ulikuwa wazi kutwa nzima."

"Ungepanda."

"Ningewaambia nini watu?"

"Usingewaambia kitu. Ungeshika koleo."

Alikata simu. Gladness alikuwa ametoka jikoni, ameuona mwanga ule juu ya migomba, na sasa alikuwa amesimama mbele yake amekunja mikono kifuani. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Sema," alisema Elisifa. "Sema kwamba uliniambia."

"Sisemi," alijibu Gladness. "Ingia ndani, umande huu."

Praygod hakuja. Hilo ndilo lililomchoma Elisifa kuliko uongo wenyewe: kwamba sasa, ambapo hapakuwa tena na Ujerumani ya kujificha, mtoto bado hakupanda. Alimngoja siku ya kwanza akisikiliza pikipiki zote, ya pili akisikiliza chache, kisha akaacha. Kanisani alikaa kiti cha nyuma. Wenzake walipomuuliza kijana wa Ulaya hajambo, alisema hajambo.

Juma lililofuata alikuja Ebenezeri, amevaa koti la Jumapili siku isiyo Jumapili, na mkononi ameshika kipande cha mmea wa sale, majani yake marefu na shina lake, limefungwa fundo. Elisifa alipoliona alijua limetoka kwa nani. Huku mlimani, mkosaji akituma sale kwa mkono wa mzee, aliyekosewa halikatai. Watu wamesamehe damu kwa sale. Mtu akilikataa hana pa kusimama tena kati ya watu wake.

"Shemeji," alisema Ebenezeri, hajakaa, "unajua linakotoka."

"Najua. Mwenyewe ameshindwa miguu?"

"Anaogopa."

"Ana haki ya kuogopa. Lete."

Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akasema alichopaswa kusema, kwamba amemsamehe na hana kinyongo. Ebenezeri akapumua, akavua kofia, akaketi, akaanza kuzungumza kama watu wazima. Kijana aje kabla ya Krismasi. Nyumba ya baba yake ipo. Kona ya chini ipo, ajenge, aoe, mambo yatasahaulika. Elisifa alimsikiliza mpaka mwisho huku analigeuzageuza sale mikononi. Kisha akaita.

"Gladness! Njoo na jembe."

Walishuka wote watatu kwenye kihamba, Ebenezeri nyuma akiuliza wanakwenda wapi. Pale juu ya mfereji Elisifa alisimama, akapima ardhi kwa macho, akasogea zaidi kuelekea nyumbani, akasogea tena, mpaka ile kona ikawa si kona tena, ikawa nusu ya kihamba.

"Chimba hapa."

"Shemeji!" Ebenezeri alishtuka, maana sale ndilo pia linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na kila mtu wa Masama analijua hilo tangu anapojifunza kutembea. "Hilo ni sale la msamaha!"

"Msamaha ameshaupata. Nimesema mbele yako. Lina shina, litashika."

"Mtoto wa kike?"

"Huyu ndiye aliyetupa udongo."

Gladness hakuwa ameinua jembe. Alikuwa anamtazama mama yake, na machoni mwake hapakuwa na shukrani.

"Kwa hiyo ilibidi Praygod aharibu, ndipo mimi nipate," alisema.

Elisifa aliinua macho kwenye lile jiko jeusi la udongo juu yao. Basi akainama mwenyewe, akalichukua jembe, akaanza kuchimba. Baadaye kidogo Gladness alimnyang'anya, bila upole, akachimba shimo la kweli.

Jioni zilipita. Ujumbe uliingia siku moja kama zamani: Mama, leo saa moja na robo. Elisifa aliusoma, akaizima simu, akaiacha juu ya kabati, akatoka. Safari hii alipitia jikoni na kumwita binti yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Gladness alikuja akifuta mikono, akasimama mbali kidogo.

"Itatokea wapi?"

"Ubavuni mwa Meru. Hiyo."

Waliitazama ikipanda, ikipita juu ya kaburi, ikiteremka. Elisifa alijua kwamba kule tambarare nako inaonekana, vizuri kuliko hapa, maana kule hakuna migomba. Na kwamba juu ya tuta la jaruba mtu amesimama na simu sikioni, sasa anapiga ya kawaida, akisikiliza ile sauti ya mwanamke wa kampuni anayerudia kwamba namba haipatikani.

"Imekufa," alisema Gladness.

"Imeingia gizani tu," alisema mama yake, akageuka kurudi ndani.