Nyayo Zangu Kwenye Sakafu ya Bafu

Jamani, hii habari nilikuwa nimeikalia kimya, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Kawajense wanaisimulia kwa namna wanavyotaka wao, na wengine wameongeza chumvi mpaka eti nilikutwa uchi (sikuwa uchi, nilikuwa na suruali), bora niiseme kwa mdomo wangu mwenyewe, mcheke, yaishe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Nauza vipuri vya baiskeli sokoni hapa Mpanda, na biashara ile inakufundisha kwamba mteja anayekusifia sana ana mkono mmoja kwenye mnyororo wako. Nyumbani nako ni hivyohivyo, sukari naisawazisha kwenye kopo halafu naichora alama na kijiko, sabuni ya mche naijua jana iliishia wapi, na mke wangu Devota husema siku nikifa nitaomba kwanza nilikague jeneza. Huwa nacheka, lakini moyoni najiuliza, sasa jeneza kwa nini lisikaguliwe?

Basi parokia ikaandaa hija ya kwenda Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda. Devota alikuwa anaiota ile safari tangu tuoane, tukajiandikisha wote wawili, hati za kusafiria tukapata, ikabaki nani atakaa na watoto. Jibu lilikuwa moja tu, mama yake wa kule Mwese. Akakubali. Sasa shida ikawa bafu letu la uani, sakafu imebomoka, mlango ni gunia lililochoka, na mama mwenyewe magoti yanamsumbua. Halafu kuna heshima. Kwetu mkwe ni mkwe, simpi mkono, siketi naye mkeka mmoja, akija njia hii mimi nakata ile, na tukiwa na neno linapitia kwa Devota hata kama tunasikiana kabisa. Mtu na mama mkwe wake watatumiaje bafu la mlango wa gunia? Devota aliniambia wazi, bila bafu mama haji, na mama asipokuja hakuna Namugongo.

Nikamwita fundi Maganga. Hela ilikuwa ya kuungaunga kwa sababu safari ilishaimeza, kwa hiyo mlango tukachomelea kwa mabati ya zamani, vigae nikaokoteza mabaki madukani (ukutani kuna vya bluu, vya kahawia, na kimoja kina picha ya samaki), na nikasema mbele ya wote kwamba simenti hii ni ya bafu tu, isitoke hata kijiko kwenda kwingine.

Siku ya pili nikamwona Maganga anakata kona ya nyumba na ndoo iliyofunikwa gunia. Nikauliza ni nini, akasema takataka. Takataka gani inamwinamisha mtu bega vile? Kesho yake nikarudi toka sokoni mapema, nikamkuta amesimama na Devota wananong'ona, waliponiona wakanyamaza, halafu Devota akaniuliza kama nimekula. Nyie mnaojua ndoa, mke akikuuliza kama umekula kabla hujasalimia, kuna kitu. Nilichunguza gunia la simenti nikaona limepungua kuliko kazi iliyokuwa imefanyika. Usingizi ukaniruka. Nikawaza wizi, nikawaza na mengine ambayo siyasemi hapa, aibu hii moja inatosha.

Siku ya kumalizia, Maganga alimwaga sakafu asubuhi akaipiga niru, ule uji wa simenti wa kulainisha juu, akasema mtu asikanyage mpaka kesho. Kwa mtu kama mimi, kwa nini nisikanyage? Nikajiambia huyu ameweka udongo chini akapaka simenti juu kama siagi kwenye mkate, kesho itakuwa imekauka na ushahidi umezikwa. Mchana nikafunga duka, nikaingia uani kimyakimya, nikachukua msumari mrefu ili nichome pale katikati nipime unene. Nikavua viatu, nikakunja suruali. Nilipanga hatua mbili tu, ya kwenda na ya kurudi.

Miguu ikazama mpaka juu ya vidole. Nikachoma msumari, nikakuta simenti, nikachoma tena, simenti. Badala ya kufurahi nikakasirika, maana nilishamhukumu mtu moyoni. Hapo ndipo nikasikia sauti ya Devota na Maganga wanakuja uani, nami nikafanya lile jambo la kijinga lililozaa mengine yote, nikanyoosha mkono nikauvuta mlango nikaurudishia ili niwasikilize.

Devota akanitaja, "Baba Happy asijue mpaka mama afike."

"Hajui kitu," Maganga akajibu. "Nimekifunika vizuri."

Moyo ulinipiga mpaka nikahisi bati linausikia. Nikainama nikasogeza sikio mlangoni, na Maganga kwa upande wa pili akaona komeo liko wazi (tulikuwa tumeliweka nje ili kuku na watoto wasiingie), akalisukuma, kwacha. Nikafungiwa kwenye bafu langu. Ningepiga kelele, nyie, lakini ningesema nini? Kwamba nawapeleleza? Nikaona ninyamaze, wakiondoka nitafute namna.

Hawakuondoka. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ile ilikuwa zamu yetu, jumuiya inasali kwetu. Akina mama wakaanza kuingia uani mmoja mmoja, mikeka ikatandikwa, rozari ikaanza. Mle ndani jua la Mpanda limekaa juu ya bati, joto mpaka nikavua shati nikalitia begani, simenti inanila vidole inawasha, na kuinua mguu siwezi kwa sababu kila nikiinua naharibu pengine. Nikaifuata ile rozari yote kimoyomoyo. Nilisali kwa uchungu ambao kanisani sijawahi kuufikisha, nikiomba wamalize waende.

Wakati wanamalizia nikasikia pikipiki, halafu vigelegele. Mama mkwe. Alikuwa aje mwisho wa wiki, lakini amepata lifti ya jirani anayeshuka mjini, akaona asiiache. Salamu zikaenda weee, maji ya kunywa, habari za Mwese, na mwisho nikamsikia mke wangu, kwa sauti ya furaha ambayo sijaisikia siku nyingi, anasema, "Mama, njoo uone bafu lako. Usikanyage tu, ni bichi."

Nikasikia komeo.

Mwanga ulipoingia, mbele alikuwa mama mkwe, nyuma yake Devota, nyuma yao jumuiya nzima na vitabu vya nyimbo. Mimi katikati ya bafu, kifua wazi, suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkono huu, msumari mkono ule. Ulimi wangu, sijui ulitumwa na nani, ukatamka, "Tumsifu Yesu Kristo."

Mama mmoja kule nyuma akaitika kwa mazoea, "Milele amina," halafu akajiziba mdomo na kanga.

Mama mkwe alijifunika kichwa na kitenge, akageuka, akaenda nyuma ya nyumba bila kuaga. Nilitamani ile simenti inimeze mpaka utosini. Devota aliniangalia na machozi yanamtoka, akaniuliza polepole kama najua nimefanya nini. Nilijua. Mama akirudi Mwese, safari yake imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Nikavaa shati nikawafuata. Huko nyuma ndiko nikaiona siri yenyewe. Kabenchi ka simenti, kazuri, kameegemea ukuta upande wa kivuli, gunia la kukafunika limewekwa pembeni. Devota alimwomba Maganga akajenge kwa kuibia simenti kidogokidogo, mama apate pa kupumzisha magoti, kwa sababu alijua mimi ningekataa (na kweli ningekataa). Mama mkwe alikuwa amekaa hapohapo, amenipa mgongo. Mwenyekiti wa jumuiya akaanza kuulizia faini ya kumkosea mkwe, mimi nikawahi kusema nitatoa mbuzi, nitatoa na kitenge, chochote atakachotaka mama.

Mama akamsemesha Devota, lakini kwa sauti ya kutufikia wote. "Mwambie mume wako mbuzi wake abaki naye. Mtu asiyeamini hata sakafu ya bafu lake, Namugongo anakwenda kuamini nini? Nafasi yake nakwenda mimi. Yeye abaki na watoto, alinde bafu."

Akina mama wakaitikia kwa makofi kama vile ni sala. Devota alicheka huku analia. Mimi nilisema sawa, nikamwambia Devota, naye akampelekea mama ile sawa yangu iliyokwisha kusikika. Wakamshughulikia hati yake ya dharura haraka, na basi la mahujaji likaondoka na mtu na mama yake dirishani, wamevaa vitenge vya sare, na mimi nimesimama chini na watoto, napunga mkono.

Mpaka leo nyayo zangu zipo pale katikati ya bafu, mbili, zimekauka vizuri, vidole vyote vinaonekana. Watoto wakioga wanapanda humo kupima nani amekaribia kuwa baba. Mama mkwe akija, anapelekwa bafuni na Devota, na huwa nasikia kicheko humo ndani wakati mimi nimeshajificha chumbani. Nimeapa, fundi akiwa kazini kwangu sitachungulia tena, wala mke akinong'ona sitatega sikio.

Juzi Maganga mwenyewe alipita akanionea huruma, akasema anaweza kuja kuzifukia zile nyayo bure kabisa, nitoe simenti kidogo tu. Nikamshukuru, nikamwambia aziache. Alipoondoka nikakaa najiuliza, kidogo tu ndiyo kiasi gani?