Maji Yetu Yalipita Nikiyatazama

Siku hiyo zuzu nilikuwa mimi. Naanza hapo kabla hamjanitangulia kusema.

Ushawahi kupitwa na maji ya kwenu huku umeyakalia kando, miguu imo ndani?

Mimi yamenipita.

Naitwa Idder. Napaka rangi nyumba za watu Kasablanka, mji ulionifukuza vyumbani na makazini mpaka nikazoea kulala na viatu. Kwa hiyo nikirudi kwetu, juu huko kwenye milima ya Atlasi, huwa kama mgonjwa aliyechomolewa dripu.

Mwezi wa sita bonde letu unatamani ulilambe. Mashamba yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka mtoni, shayiri imeanza kugeuka rangi, na chini ya miti ya mijozi kuna kibaridi cha kukufanya ujikunyate. Mfereji unapita unajisemea wenyewe. Unachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni, unanyamaza. We acha tu.

Mama alikuwa ameteleza na mzigo wa majani ya ng'ombe, mguu umefungwa. Hata hivyo, jana yake alipanda miche ya vitunguu akiwa amekaa chini, anajivuta kwa makalio mstari baada ya mstari. Nilipotaka kumsaidia akanifukuza.

"Wewe utaipachika kama unapaka ukuta."

Kazi aliyoniachia ilikuwa moja tu: maji.

Kwetu maji huenda kwa zamu, na saa yetu ni mlima. Kivuli chake kikigusa jiwe jeupe, unavunja kilango cha udongo kwa jembe, maji yanaingia shambani kwako. Kikifika ukuta wa zizi la jirani yetu Tuda, zamu ni yake. Ukikosa, unangoja bonde zima limalize mzunguko. Na miche ya jana haina subira hiyo.

"Usisinzie," mama alisema.

"Mama, mimi mtoto?"

"Mtoto akisinzia huamshwa."

Sikusinzia, wallahi. Nilifika mapema, nikaegemeza jembe kwenye mjozi, nikatia miguu majini. Kisha nikatoa simu. Nikasema hawa walimwengu wasife na moshi wao bila kuona kwetu.

Nikaingia mubashara.

Kopa nyekundu zikamiminika kwenye kioo cha simu. Mtu wa Marseille analia. Mwingine anauliza kama tunapangisha vyumba. Nikawaonyesha kivuli kikishuka mlimani, taratibu, kama blanketi linalovutwa.

Hapo ushairi ukanipanda. "Tazameni, ndugu zangu. Huku kwetu muda hauna haraka."

Ndipo ukapita ujumbe wa binamu yangu Bassu, muuza viatu kule Agadir: "Idder, jiwe jeupe si limeshamezwa? Mbona kilango chenu kimezibwa?"

Nikacheka.

Halafu nikageuka.

Kivuli kilikuwa kimeegemea ukuta wa zizi la Tuda kama mtu aliyekwisha kufika kwake.

Nikakurupuka na jembe. Tuda alikuwa ameshavunja kilango chake, chini kidogo ya chetu. Maji yanapita mbele yangu kwenda kwake.

"Shangazi Tuda! Niazime kidogo tu, miche ya mama itakufa!"

"Na maharage yangu yanywe mate?"

"Lakini uliniona nimekaa hapa! Ungeniita!"

"Nimekuita mpaka koo limekauka. Ukanifanyia hivi." Akaweka kidole mdomoni. "Nikadhani umepigiwa simu ya msiba, nikanyamaza."

Nikakumbuka. Kweli kuna sauti ilikuwa inaniharibia video. Nilidhani kuna mtu anaita mbuzi wake.

"Si ungenivunjia kilango wewe mwenyewe?"

"Tangu lini kilango cha mtu kikavunjwa na jirani? Leo nivunje chako, kesho uvunje changu, keshokutwa tuzikane?"

Nikasimama na jembe langu, maji yananitekenya vifundo vya miguu. Pigo moja tu, yangeingia kwetu. Lakini kwetu mwizi wa maji hasalimiwi, na mimi ningerudi zangu mjini. Wa kubaki na jina hilo ni mama.

Zamu yake ilipokaribia kwisha, Tuda akaniachia mchuruziko. "Huu ni kwa ajili ya mguu wa mama yako. Si wako wewe."

Ukalowesha mstari mmoja.

Nikachukua ndoo, nikashuka mtoni. Mto uko chini kabisa ya bonde. Nikifika juu, ndoo iko nusu, na udongo unaifyonza hata kabla sijainua mgongo. Nilipanda na kushuka mpaka magoti yakaniomba talaka.

Kesho yake jua lilipokolea, miche ilikuwa imelala chini, mstari baada ya mstari, kama nywele zilizochanwa.

Mama alijikokota mpaka ukingoni mwa shamba, akakaa, mguu mbele. Akahesabu mistari kwa kidole. Bora angegombeza.

Simu mfukoni inalia kwa kopa mpya.

Nikaanza kujitetea. "Mama, kelele za mji zimenimaliza. Nilitaka nifaidi utulivu wa nyumbani, walau siku moja. Hilo nalo ni kosa?"

Akaokota mche mmoja, akauviringisha kidoleni, akautupa.

Mlikuwa mnangoja niwape funzo. Nami nilikuwa nalitafuta, ila yeye alinitangulia:

"Huo utulivu nao, mwanangu, humwagiliwa."