Asubuhi Dulamsuren Alipouza Gari la Dizeli

Dulamsuren alikuwa dereva, na hakuwahi kutaka kuwa dereva. Dereva alikuwa mumewe, Gonchig. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka abiria kutoka hapa kwetu Tosontsengel mpaka Uliastai, kuvuka mlima, kwa gari la dizeli la Kijapani lililotufikia likiwa limeshachoka. Akaliendesha mpaka nywele zikawa nyeupe. Halafu asubuhi moja ya vuli akaanguka mlangoni, ndoo ya maji mkononi. Alipozinduka hospitalini upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, na maneno yamemwisha karibu yote. Alibaki na "ndiyo", "hapana", na tusi moja ambalo siwezi kuliandika hapa. Tusi hilo alilitumia kwa mambo mengine yote: kuomba chai, kuuliza kama theluji imeanguka, hata kumsifu mjukuu.

Dulamsuren akachukua ufunguo. Nani mwingine angeuchukua? Binti yao ameolewa mbali, na ng'ombe walionao ni wa maziwa ya chai tu.

Mimi ni jirani yao. Ua wangu na ua wao zimetenganishwa na uzio wa mbao, kwa hiyo kila asubuhi ya majira ya baridi nilikuwa namsikia kabla sijamwona. Kwanza mlango unalia. Halafu theluji inasagika chini ya viatu vyake vya sufu. Betri ya gari hulala ndani karibu na jiko, maana ukiiacha nje usiku hutaikuta na uhai. Anaibeba kifuani, anatembea polepole, anahema. Kisha anarudi ndani kuchukua karai la makaa ya samadi kavu, analisukuma chini ya injini ili oili ilainike, anafunika boneti na blanketi zito la sufu, anakaa kusubiri. Abiria wakifika wanamkuta na masizi usoni, na siku yake haijaanza bado.

"Dada Dulam, leo umeamkaje?" nilikuwa namuuliza kwa juu ya mbao.

"Mimi nimeamka," alikuwa akijibu, akionyesha gari kwa kidevu. "Muulize yule mwenye magurudumu."

Mwanzo alikuwa akilisema kwa kucheka. Baadaye alilisema tu.

Majira haya ya baridi yaliyopita kifua kilimlaza kitandani wiki kadhaa. Bega la kulia, lile la kubebea betri, likawa halinyanyuki hata kuchana nywele. Siku moja nimempelekea supu ya mifupa, akanishika mkono akasema, "Mdogo wangu, naliuza."

"Shemeji amekubali?"

"Nimemwambia. Akasema hapana. Nikamwambia tena. Akanitukana. Nikamwambia mara ya tatu, akageukia ukutani." Akanywa supu kidogo. "Hajageuka mpaka sasa."

Kweli, Gonchig alikuwa amelala kaangalia magogo ya ukuta, blanketi mpaka masikioni.

Mnunuzi alipatikana. Aliitwa Sodnom, mfugaji kijana wa huko juu, mto Ider, ambaye watoto wake wanakaa bweni la shule hapa kijijini. Alipiga simu, akaulizia hali ya gari, halafu akasema neno lililomchefua Dulamsuren.

"Mama, naomba usilipashe moto kabla sijafika. Nataka nilione likiamka na baridi yake."

"Mwanangu, nje ni arobaini na kitu chini ya sifuri! Hata wewe mwenyewe nikikulaza nje bila moto hutaamka."

"Ndiyo maana nataka nione, mama. Mimi ndiye nitakayelala nalo huko porini."

Kijana alikuwa na haki yake. Basi asubuhi hiyo hakuwasha makaa. Niliona alivyoteseka kukaa bila kufanya kitu. Alitoka, akalitazama gari, akarudi. Akatoka tena.

Sodnom alifika kwa lifti ya lori la makaa ya mawe, amevaa kofia ya mbweha, nyusi zimeota barafu. Alivua glavu, akaweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa haraka kama aliyeungua.

"Baridi kweli," alisema.

"Ulidhani nitakudanganya?"

"Samahani, mama. Kaka yangu alidanganywa. Aliletewa gari limeshanguruma tangu alfajiri, akafurahi, akalipa. Kesho yake halikuamka. Halikuamka mpaka theluji ilipoyeyuka."

Dulamsuren akaleta betri. Sodnom alitaka kumpokea, mwenyewe akakataa. Akaifunga, akaingia, akageuza ufunguo nusu na kusubiri kile kitaa cha njano kinachoonyesha kwamba plagi zinapasha joto ndani ya injini. Kikazimika. Akazipasha tena, na tena. Kisha akageuza ufunguo mpaka mwisho.

Stata iliguna. Ikazunguka kwa uzito, kama mtu anayekoroga uji ulioganda, ikasimama.

"Oili imekuwa gundi," alisema. "Umeshaona. Sasa niache nilitendee linavyotaka."

"Haya, mama. Nimeona."

Nikaleta makaa kutoka kwangu, tukajaza makarai mawili. Sodnom alilala chali kwenye theluji akayapanga. Tukafunika gari lote mbele kwa sufu, moshi ukawa unatokea pembeni. Dulamsuren akainama kwenye chujio la dizeli, akakwangua kwa ukucha.

"Tazama hapa. Yameganda kama mafuta ya kondoo kwenye sufuria. Haya ni mafuta ya vuli, sikuyaendesha yakaisha. Nilikuwa nimelala naumwa."

Akamimina mafuta ya taa kwenye tangi, halafu akaleta kutoka ndani ya nyumba lile bomba la moto tunalochomea manyoya ya vichwa vya mbuzi. Ndimi zake zikawa za buluu. Akawa anapitisha moto kwenye bomba la dizeli na kwenye chujio, huku na huku, bila kusimama mahali pamoja. Bega la kulia likamshinda. Akahamishia bomba mkono wa kushoto.

Tukaingia ndani kunywa chai huku makaa yakifanya kazi. Sodnom alimwamkia Gonchig kwa heshima, mikono miwili. Gonchig hakugeuka.

"Mzee amelala?" kijana aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajalala," Dulamsuren alisema. "Amenuna. Kunywa chai."

Kutoka ukutani likasikika lile tusi.

Sodnom alilishika bakuli hewani, macho yamemtoka. Mimi nilijifanya nachochea jiko. Dulamsuren akasema bila kuinua uso, "Anakukaribisha."

Tulitoka, Dulamsuren akajaribu mara ya pili, stata ikazunguka vizuri. Injini ikapiga, ikapiga, moshi mweupe ukajaa uani, ikatetemesha gari zima, tukaanza kushangilia. Ikafa. Akarudia. Ikapiga mara chache, ikafa. Akarudia. Haikupiga kabisa, na stata ikaanza kuchoka.

Dulamsuren akashuka. Hewa ilikuwa imeingia kwenye njia ya mafuta, hilo alilijua. Juu ya chujio kuna pampu ndogo ya kubonyeza kwa kidole gumba, unabonyeza mpaka iwe ngumu, dizeli ije. Akavua glavu, akabonyeza. Kidole hakikuwa na nguvu. Akaweka viganja viwili. Akaegemeza kifua. Nikaona anaweka paji la uso kwenye chuma, akasimama hivyo, na nikajua kwamba halii wala haombi, amechoka tu, pale pale alipo.

"Mama, acha nibonyeze mimi," Sodnom alisema.

Mlango ukalia nyuma yetu.

Gonchig alikuwa ametoka. Koti limening'inia bega moja, viatu havikufungwa, fimbo mkononi. Tangu aanguke hakuwahi kushuka ngazi zile peke yake, na sasa alizishuka moja moja, mguu mmoja ukiburutwa, akitukana kila ngazi.

"Utaanguka!" nilipiga kelele. "Shemeji, barafu hiyo!"

Akanipita. Akafika kwenye gari, akagonga ubavu wa chujio kwa fimbo.

"Najua!" Dulamsuren akamgeukia, na sauti ikapasuka. "Najua ni hewa, mzee! Miaka yote hii ninajua! Ni vidole! Vidole vyangu havitaki tena, unasikia? Havitaki!"

Gonchig akamtazama. Kisha akaiacha fimbo ianguke, akajiegemeza kwenye gari kwa ubavu uliopooza, akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka gumba juu ya pampu. Mkono ule wa kushoto ulikuwa umekuwa na nguvu kwa kufanya kazi ya miwili. Akabonyeza. Akabonyeza, akabonyeza, pumzi ikitoka puani kama ya farasi. Sodnom akasogea nyuma yake kumkinga asianguke, wala hakumgusa.

"Ndiyo," Gonchig alisema.

Dulamsuren akapanda, akapasha plagi, akageuza ufunguo. Gonchig hakuacha kubonyeza. Injini ikapiga, ikasita, ikataka kufa, gumba likaendelea, ikapiga tena, sauti ikagonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, moshi mweupe, halafu wa kijivu. Ikashika. Ikatulia kwenye mngurumo wake, kila kitu uani kikawa kinatetemeka, mpaka barafu ya kwenye mbao zangu ikadondoka.

Hakuna aliyeshangilia safari hii. Tuliogopa.

Dulamsuren akafungua dirisha. "Mwanangu, umeona lilivyotutesa. Ukisema hulitaki sitakulaumu."

"Nalitaka, mama," Sodnom alisema. "La kaka yangu tulilivuta kwa ngamia."

Dulamsuren akacheka, akakohoa, akacheka. Hata Gonchig midomo yake ilisogea.

Mambo ya bei waliyamaliza ndani, sikuingia. Waliporudi gari lilikuwa limepata joto, kijana akakaa kwenye usukani, akawa anagusa hiki na kile. Hapo ndipo Gonchig alipofanya jambo ambalo sikulitegemea. Kwetu mtu akiuza farasi, kabla hajamkabidhi, humfuta pua kwa mkono wa joho lake, ili baraka ya mnyama ibaki nyumbani. Gonchig akakokota mguu mpaka mbele ya gari, akavuta mkono wa koti juu ya kiganja, akalifuta pale katikati, chini ya kioo, baina ya taa mbili. Akafuta polepole, kama anayemfuta mtoto uso. Masizi yakaingia kwenye nguo. Akaukunja ule mkono wa koti kwa ndani, akarudi nyuma.

Dulamsuren alikuwa amesimama na bakuli la maziwa ya kumwagia magurudumu, baraka ya safari. Alisahau kumwaga. Nikamgusa kiwiko, ndipo akachovya na kurusha, gurudumu moja moja, na gari likatoka langoni, likapinda kwenye lundo la theluji lililokusanywa na upepo, tukalisikia mpaka kwenye daraja.

"Ingia ndani," alimwambia mumewe. "Masikio yako yamekuwa meupe."

Akamshika kiunoni, wakapanda ngazi, wakipumzika kila moja.

Kesho yake sikusikia mlango, wala theluji. Jua lilipanda, bado kimya. Nikaingiwa na hofu, nikavuka. Gonchig alikuwa kwenye kigoda mbele ya jiko. Alikuwa amewasha moto kwa mkono mmoja, majivu yametapakaa sakafuni, chai imefurika ikaungua. Dulamsuren alikuwa kitandani amelala, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia. Sikuwahi kumwona akilala mchana bila kuumwa. Gonchig akanipungia nitoke, nikatoka. Dulamsuren aliamka jioni, akala, akalala tena, na hivyo hivyo siku tatu nne, mpaka nikamwita daktari wa zahanati. Akasema hana ugonjwa.

Siku hizi anapika kwenye bweni la shule. Bega halijapona vizuri. Anapochoka anakaa kwenye gunia la viazi, na hakuna abiria wa kumpigia honi. Majuzi nilimkuta anakata tambi za unga, nikamuuliza kama anajuta.

"Kujuta?" alisema. "Nina watoto themanini wanataka kula, wewe unaniletea kujuta. Shika kisu, nisaidie."

Nikanawa mikono, nikashika kisu.