Mahali Pasipofika Kitambaa

Sebagabo, fundi bodi wa Gisenyi, alikuwa na kanuni moja: asidi haimwagwi mahali pasipofika kitambaa. Kutu ya juu ya boneti waweza kuiondoa kwa asidi ya betri, ukasuuza, ukakausha kwa kitambaa, ukapaka rangi. Kutu iliyojificha ndani ya mkunjo wa bati hukatwa, na bati jipya likachomelewa, kwa sababu asidi ikibaki mle huendelea kula bati. Alijifunza hayo Goma kabla ya kurudi nyumbani, na wenzake walimcheka kwa kuchelewesha magari ya watu. Hakujali.

Mwaka 1999 alimchumbia Jovia. Wiki ya harusi, mjomba wa Jovia, Wenceslas, alimletea basi lake dogo la abiria wa Rubona na mjini. Ndilo lingembeba bibi harusi. Kikanyagio cha mlango kilikuwa kimeoza kwa ndani.

“Mzee, hii ni ya kukata. Siku nane.”

“Siku nane! Harusi iko samedi, we! Ao unataka Jovia akuje na miguu?” Mafundi wa jirani wakacheka. Wenceslas akanogewa. “Mukwe wangu, mwanga asidi, ziba na mastiki, pakala rangi. Ao niende kuambia dada yangu mukwe yake anashindwa na kutu?”

Watu husema hakuwa na njia. Alikuwa nayo: angekataa, na bibi harusi angepanda gari jingine. Aliogopa kuitwa mkwe mbishi kabla hajawa mkwe. Akamwaga asidi, akasuuza kwa ndoo sita za maji, akaziba mashimo kwa mastiki, ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu, akapaka rangi. Jumamosi kila mtu alilisifu basi.

Tangu siku hiyo lilipita mbele ya gereji yake kila asubuhi. Masika yalipokwisha, rangi ya kikanyagio ilitoka malengelenge. Siku moja basi liliposimama, alikigonga kwa mpini wa bisibisi. Mlio ulikuwa wa kitu kisicho na bati. Akamwendea mwenye basi.

“Mzee, lete gari nikate kile kikanyagio. Sitaki hata faranga.”

“Ulisema umemaliza. Donc ulinidanganya siku ile, ao unanidanganya leo?”

Kila jibu lilikuwa na aibu ndani yake. Akasema tu, “Nilikosea, mzee.”

“Bon. Basi nyamaza. Batu wakisikia, nani atapanda?”

Angeweza kuwaambia abiria. Lakini hapo angemvua nguo mjomba wa mkewe, na kukiri mkono wake mwenyewe. Jovia naye angeuliza kwa nini alikubali. Akanyamaza. Kila basi liliposimama aliacha nyundo na kutazama miguu ya watu: huyu karuka, huyu kakanyaga. Alianza kwenda kazini kwa njia ya nyuma, ila honi ya basi lile aliijua na aliisikia hata huko. Hivyo ndivyo alivyoishi miezi mitatu, na sioni la kumhurumia.

Jumanne moja pale Rubona, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aitwaye Thacienne alipanda na beseni lake kichwani. Bati likakatika chini ya mguu wake, basi likiwa limeanza kuondoka, na mguu ukatumbukia ukaburutwa barabarani.

Thacienne alikatwa vidole vitatu vya mguu wa kulia, wala hakuweza tena kutembeza samaki.