Simu Iliyolia Uvira

"Mama Octave, huyo rafiki yako anagombana na nani kwenye simu kila asubuhi?"

Aliyeniuliza ni Tabia, Mtanzania aliyekuwa anauza nyanya na vitunguu mbele ya duka letu pale La Rochelle, Johannesburg. Ilikuwa mwanzoni mwa Januari, mwaka 2019. Alikuwa anacheka.

"Hagombani na mtu," nikamwambia. "Simu inalia, haipokelewi."

"Sasa mbona namsikia 'pokea, pokea, pokea weye', kama anaita mbuzi?"

"Mama yake anakufa, Tabia."

Akaacha kucheka. Akachagua vitunguu vizuri kwenye beseni lake, akanipa nimpelekee.

Huyo rafiki yangu ni Marthe. Nimeshona naye miaka mingi, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye vifungo na mapindo. Kwao ni Uvira, kule Kongo, pembeni ya ziwa. Alikuja Johannesburg na mume wake, akamzika hapahapa, akabaki anashona sare za kwaya. Kwaya nyingi za Wakongo huku kusini ya mji, kuanzia Rosettenville mpaka Turffontein, zimevaa mkono wake. Ni mtu wa maneno machache. Kola ikikaa vibaya anaifumua yote, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni na kanisa limeshaanza. Nilikuwa namwambia, "Marthe, Mungu haangalii kola." Ananijibu, "Watu wa mstari wa nyuma wanaiangalia."

Duka lenyewe zamani lilikuwa la Mreno wa mikate. Aliondoka akaacha laini ya simu ya waya ukutani, na Marthe akaendelea kuilipia, maana wateja walikuwa wameizoea namba ile. Ndugu zake kule Uvira pia waliijua. Mdogo wake Hénock, aliyekuwa anakaa na mama yao, alikuwa ameiandika kwenye simu yake "Yaya Duka", kwa sababu kwao dada mkubwa ni yaya.

Mwaka mmoja kabla ya hayo, wezi walimpigia yule mama kwa namba ya nje. Wakamwambia Marthe amefungwa Johannesburg, zinatakiwa pesa za kumtoa. Mama akauza mbuzi wake wote, akatuma. Marthe aliposikia alilia kwa hasira. Nilikuwepo dukani siku aliyompigia Hénock, na maneno yake nayakumbuka:

"Namba yangu ya duka mnaijua. Ikitokea namba nyingine yoyote ya nje, msipokee. Hata ikilia mpaka ichoke. Ni wezi hao. Mwambie Mama ni mimi nimesema."

Mama akaitikia. Na alikuwa mama wa kushika neno.

Basi mwezi wa Novemba akaja Simiyu. Ni kijana wa Kikenya wa ofisi moja kule Braamfontein, ofisi ya kuuza huduma za simu. Alikuwa anapita kwenye maduka na makanisa akitueleza kwamba laini yako unabaki nayo ileile, lakini kabla ya kupiga unaweka namba nne za mbele, halafu ndiyo namba ya mtu wako. Zile namba nne zinaitoa simu yako kwenye kampuni ya siku zote na kuipitisha kwenye kampuni yao, ambayo ni rahisi zaidi. Usipoziweka, simu inapita njia ya zamani, ghali.

"Eish, mama, ni kama kuingia kwa jirani kupitia mlango wa jikoni," akasema. "Nyumba ni ileile."

Tulimpenda. Alikuwa na heshima, na alikula chikwangue, mkate wetu wa muhogo, bila kukunja uso. Kwenye ile simu ya waya alitafuta kitufe kimoja kisichotumika, akatia humo zile namba nne pamoja na namba ya Hénock, ili Marthe asisumbuke kubonyeza yote. Marthe akakata kipande kidogo cha kitenge chekundu akakibandika juu ya kitufe kile. Ndicho kikawa cha nyumbani.

Kabla hajaaga, Simiyu alisema neno lingine. "Kule kwao namba itakayotokea inaweza kuwa nyingine, mama. Lakini sauti ni yenu."

"Sisi tunataka sauti," Marthe akamwambia. "Namba tutaifanyia nini, tuipike?"

Tukacheka sote.

Kitufe kile karibu hakikuguswa, maana siku zile nyumbani tulikuwa tunaongea kwa WhatsApp. Halafu Kongo wakapiga kura mwisho wa Desemba, na mara baada ya hapo serikali ikafunga intaneti na jumbe za simu. Tukabaki na sauti peke yake.

Ndipo Hénock akapiga dukani kwa simu aliyoazima kwa mfanyabiashara. Alisema haraka haraka: Mama amezidiwa, miguu imevimba, hali chakula tena. Anataka kukuachia neno. Piga kwenye simu yangu, yaya, hapa naazima na vocha hazipatikani. Ikakatika.

Kwetu hilo neno si jambo dogo. Mzazi akijiona anaondoka, anamwita mtoto wa kwanza na kumwachia neno lake. Linaingia kwenye sikio la mwenyewe. Halipitii kwa mdogo wake, wala kwa mchungaji. Siku hizi watoto wametawanyika, wazee wamekubali lipite kwenye simu, mradi sikio liwe lile. Marthe ndiye wa kwanza.

Akabonyeza kitufe chekundu. Ikalia. Ikalia mpaka ikakata yenyewe. Akabonyeza tena.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa zile asubuhi alizozisikia Tabia. Marthe anafika, hafungui hata dirisha, anakwenda kwenye simu. Mchana anarudia. Jioni tukifunga anarudia. Mimi nilimwambia labda wamempeleka hospitali na simu imebaki nyumbani. Mwingine akasema labda wamevuka kwenda Burundi kwa kuogopa vurugu za kura. Simu ilikuwa inalia, na simu ikilia unajua imefika, kwa hiyo hakuna aliyekishuku kile kitufe. Mama wa kanisani tulifunga kula. Tuliomba mtandao wa Kongo ufunguke. Na njia ya Marthe ilikuwa wazi wakati wote huo.

Sare za kwaya ya vijana zilikaa mezani, hazina mikono. Kiongozi wao alikuja kuuliza, akamwona Marthe ameegemeza paji la uso ukutani na mkono wa simu uko sikioni, akageuka akaondoka.

Asubuhi moja kitufe kilitoa mlio mwingine, ule wa laini iliyojaa. Akabonyeza tena, uleule. Njia ya kampuni ile ilikuwa imeziba. Marthe akasema, "Basi nitapiga ya zamani, hata iwe bei gani." Namba ya Hénock alikuwa nayo kichwani. Akaipiga kwa kidole, moja moja, bila zile nne za mbele.

Haikumaliza mlio wa kwanza.

"Yaya!" Sauti ya Hénock niliisikia mpaka nilipokaa na sindano yangu. "Yaya, leo ndiyo umetukumbuka?"

"Hénock, nipe Mama."

Badala ya kumpa, Hénock akaanza salamu.

"Hénock. Nipe Mama."

"Tumemzika jana, yaya."

Marthe hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza kipimo cha nguo, "Mbona mlikuwa hampokei?"

"Tupokee nini? Wewe hukupiga."

"Nimepiga kila siku. Asubuhi, mchana, jioni."

"Waliopiga ni wezi tu. Namba za nchi tusizozijua, leo hii, kesho ile. Mama alikuwa anaisikia ikilia. Kila ikilia ananiuliza, 'Ni namba ya Marthe?' Nikiangalia, nasema hapana. Anasema, 'Iache. Marthe alikataza.'"

Nilimwona Marthe anatazama kile kitenge chekundu kwenye kitufe.

"Na neno?" akauliza. "Alikuachia neno?"

"Nilimwomba, yaya. Nilimwambia, nipe mimi, nitamfikishia. Alikataa. Akasema, 'Hili ni la Marthe. Atapiga tu.' Halafu hakusema tena."

Ndiyo yote. Mungu peke yake ndiye anayejua neno lile lilikuwa nini. Mimi huwa namwambia Marthe kwamba Mungu ni mwaminifu, alilisikia, na hajalipoteza. Ananiitikia, "Amina, Mama Octave." Lakini najua amina yake inavyokuwa akiamini, na hii si ile.

Matanga tuliyaweka palepale dukani, cherehani tukazisukuma pembeni, tukatandika mikeka. Tabia alikuja na sufuria ya wali, akakaa nasi akiimba nyimbo asizozijua. Simiyu naye alikuja. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akashindwa kuingia.

"Mama," akasema, "mimi nilisema kwamba namba..."

"Ulisema, mwanangu," Marthe akamjibu. "Ulisema, tukacheka. Ingia ule."

Akaingia, lakini hakula.

Siku ya kuondoa matanga pasteur, mchungaji wetu, alihubiri kidogo, akaomba, halafu akauliza lile swali linaloulizwa kwetu kila msiba: mfiwa ana ombi gani kwa kanisa? Tulijua ataomba nauli ya kwenda kuliona kaburi. Mama wa kikundi chetu walikuwa wameshaanza kunong'onezana watakavyochanga.

Marthe akasimama. Alikuwa amevaa gauni jeusi alilolishona mwenyewe, kola imekaa sawasawa. Alituangalia mmoja mmoja, akasema:

"Ombi langu ni hili. Ukimpigia mgonjwa nyumbani, usiweke zile namba nne. Piga moja kwa moja, waone ni wewe."