Somo la Kusalimiana

Moshi wa tanuri la shaba uliingia darasani kila upepo ulipogeuka, ukatukereketa kooni. Hapo mwalimu wetu wa sekondari alifunga madirisha, akaanza somo alilolipenda kuliko yote. Aliamini kwamba watoto wanaojuana desturi hawatauana. Alitupanga wawili wawili, kila mmoja na wa kabila jingine, twende Jumapili kwa mwenzetu tukajifunze kula na kusalimia. Mimi, binti wa Kikasai, wa wazazi waliotoka jimbo la Kasai, nilipangwa na Kabwe, wa kabila la Wabemba, jirani yetu katika mtaa uitwao Kenya hapa Lubumbashi. Bibi yake alinifundisha kupiga magoti na kugonga viganja polepole. "Mutoto, piga makofi kwanza, kisha useme," alisisitiza. Nami nikamfundisha salamu yetu, "Moyo wenu". Aliipenda sana, akawa ananisalimia hivyo hata sokoni.

Jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo, sisi Wakasai tukageuka wageni katika mji tuliozaliwa. Nyumba za majirani zilichomwa. Baba, karani mpole asiyeweza kumpita mtu mzima bila kuvua kofia, aliamua tukimbilie kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Njiani vijana wenye mapanga walikuwa wameweka kizuizi, wakiwatafuta watu wetu. Nilipiga magoti, nikagonga viganja polepole kama Wabemba. Baba na mama, niliokuwa nimewafundisha nyumbani, wakafanya vivyo hivyo. "Beko bantu betu, bapite," alisema mkubwa wao, akituhesabu watu wao. Tukapita, huku nikimshukuru mwalimu.

Mbele kidogo tu, bibi ya Kabwe alikuwa amesimama mlangoni kwake. Aliponiona uso ulimchangamka, akaita kwa upendo mtupu, "Moyo wenu!" Baba akavua kofia. "Moyo, mamu," akajibu kwa lugha yetu, mdomo ukiwa umeitangulia akili. Vijana waligeuka, wameitambua salamu ya Kikasai. Bibi akajitupa kati yao akilia, "Mumuache! Ni miye njo nilimusalimia!" Wakamsukuma kando. Baba alitupigia kelele tukimbie, tukakimbia. Baba hatukumwona tena, wala kaburi lake. Baadaye yule bibi alikuja hadi kambini, akapiga magoti mbele ya mama, na mama akageuza uso. Siwezi kumlaumu yeyote kati yao, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Leo mjukuu wangu anasoma sekondari hapa hapa Lubumbashi, na somo lile limerudi kwa jina jipya na kitabu cha picha. Juzi alikuja mbio: ameagizwa aeleze darasani jinsi watu wa kwetu wanavyosalimiana. Ni somo zuri, wala sibishi. Lakini nilifunga mlango kwanza, ndipo nikamwuliza ni nani anayetaka kujua.